Gari Sijaliona, na Mume Wangu Husema "Sawa" kwa Kila Kitu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku niliyomwahidi mtu kwamba nitamtumia pesa, na pesa hizo zikishaondoka sina nyingine, na gari lenyewe ninalolinunua sijaliona kwa macho yangu, nimeliona kwenye simu tu, na sasa kichwani nasikia sauti mbili, moja inasema nunua, nyingine inasema umeshapigwa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa hapa nyumbani, sebule yangu imejaa mashine na vitambaa na vifungo, mgeni akija lazima kwanza nimtafutie pa kukalia. Mume wangu alikuwa dereva wa basi la shule, na watoto walimpa jina la Taratibu kwa sababu hakuwahi kukimbia, hata ukimtuma dukani anakwenda kama aliyebeba trei ya mayai, na mimi nilimpendea hilo hilo. Mwaka jana alianguka bafuni asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni, hospitali wakasema ni kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja, na neno hilo ni "sawa". Ukimuuliza unataka chai, sawa. Unaumwa wapi, sawa. Ukimwonyesha binti yake mwenyewe ukamuuliza huyu nani, anamtazama kwa macho yaliyojaa mapenzi, anahangaika na mdomo, kisha anasema sawa. Mwanzoni tulicheka naye, na yeye akicheka nusu ya uso, wifi yangu akasema tushukuru limebaki neno la amani, lingebaki tusi tungejificha wapi. Sasa hatucheki tena. Nyumba imekuwa kimya, mshauri, hata ugomvi wetu nimeukumbuka, alivyokuwa akinikemea kwa kusahau sindano kwenye kochi, na hospitali wakimuuliza anaendeleaje najibu mimi, tunamaliza haraka.

Mara mbili kwa wiki anatakiwa kwenda mazoezi. Tunakaa juu mlimani, njia ni mawe matupu na teksi zinakataa kupanda, kwa hiyo tunakwenda kwa pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Mwezi uliopita tukiwa njiani alianza kusema sawa, sawa, sawa, bila kupumzika, dereva akaniuliza, mama, mzee anasemaje, nikamwambia twende tu, anasema sawa. Tulipofika nikamvua soksi. Ule mguu wake uliolala ulikuwa umelalia bomba la moshi njia nzima, ngozi ikatoka pamoja na soksi, na mguu ule haunyanyuki lakini maumivu unayasikia, daktari alishatuambia. Alikuwa ananiambia anaungua, na mimi nikasema twende tu. Tangu siku hiyo kumtazama machoni nashindwa, namlisha nikitazama kijiko.

Ndiyo maana nataka gari, na kuendesha najua, alinifundisha mwenyewe zamani kwenye kiwanja cha shule, basi likiwa tupu. Pesa zipo, ni kiinua mgongo chake, walichompa kazini walipoona harudi tena kwenye usukani. Binti yetu akaona tangazo mtandaoni, gari dogo jeupe, la siku nyingi, binti mwenyewe amelikuta duniani, lakini kwenye picha linang'aa na bei yake tunaiweza. Tatizo ni kwamba liko mji mwingine, basi linatembea kutwa nzima, na mimi siwezi kumwacha mgonjwa nikalale huko.

Nikapiga simu, ikapokelewa na mzee mwenye sauti iliyotulia, na mimi kwa malezi niliyolelewa nikasema shikamoo, akasema marahaba, mwanangu, na hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Maswali nilikuwa nayo mdomoni, gari limewahi kugongwa, injini imewahi kufunguliwa, mbona unaliuza, lakini mtu mliyesalimiana hivyo utaanzaje kumhoji kama polisi? Nikijaribu ananiambia, "Mwanangu, gari halidai kitu, ni kuwasha na kuondoka. Na umri huu nikudanganye ili iweje?" Nami najikuta nasema, "Hapana, mzee wangu, sikuwa na maana hiyo, unisamehe." Mnunuzi ni mimi, na anayeomba radhi ni mimi. Amenipunguzia bei bila kuombwa kwa sababu ya hali ya mgonjwa, ila anataka nusu itangulie, yeye anaiita kishika uchumba, kwa kuwa kuna mwalimu naye analitaka gari hilo hilo. Na nikwambie ukweli, siku hizi ananipigia hata bila habari za gari, ananiuliza mgonjwa ameamkaje na mimi nimekula nini, baba yangu nilimzika zamani, na huyu ndiye mtu pekee anayeniuliza hali yangu kisha akangoja jibu. Naogopa nikimtumia fundi wa kumkagulia gari ataona nimemwita mwongo, na simu zitakoma.

Juzi nikaona si vizuri, nikamwonyesha Taratibu zile picha. Ya nje akasema sawa, ya viti akasema sawa, polepole tu. Tukafika kwenye picha ya ndani mbele, pale dereva anapokaa, akaweka kidole chake cha mkono mzima juu ya kioo, picha ikawa inakua kubwa na kuhama, nikamwambia acha utaifuta, hakuacha, akawa anabonyeza pale chini, sawa, sawa, kwa sauti ya juu, nikaona ataharibu simu nikaichukua. Akapiga mkono wa kiti kwa ngumi. Halafu akalia, mshauri, mtu mzima yule, akalia makamasi yakimtoka na mimi nikayafuta. Nikajua anaililia kazi yake, kwamba gari linakuja nyumbani na hataliendesha yeye, nikazificha picha nisimtie uchungu zaidi. Lakini sawa aliisema, na mbele ya binti yetu, kwa hiyo siwezi kusema nimenunua bila ruhusa yake.

Wifi anasema nauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe sijaliona. Binti anasema nikichelewa mwalimu atalichukua. Nimekutumia na picha zote uzitazame. Je, nitume hiyo nusu, au nimwambie nini mzee wa watu bila kumvunjia heshima?

Ni mimi, Fundi wa Sare.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Sare,

Pole kwa mguu wa mumeo, na pole kwako unayeshona mchana ukamgeuza mgonjwa usiku. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikashindwa kuendelea na kazi. Pole nimekwisha kukupa, sasa nikuseme kidogo.

Usitume pesa Ijumaa. Naliweka hilo mbele ili hata ukichoka kusoma uwe umelipata.

Shikamoo ni salamu, dada yangu, haijawahi kukagua injini. Uliamkia mtu, hukuamkia gari. Heshima waliyotufunza mama zetu haikukataza kuuliza, na mzee anayejiheshimu haoni tusi katika swali, anaona mtu mwenye akili. Sitakuita mwanangu hapa, maana naona neno hilo limeshakulegeza. Sisemi mzee huyo ni tapeli. Huenda ni mtu mwema na mpweke kama wewe, huenda na gari lake analipenda kwa dhati na haoni kasoro zake. Lakini mtu mwema anaweza kukuuzia gari bovu kwa moyo mweupe kabisa, na ubovu utakuwa wako.

Mpigie leo. Mwamkie vizuri, muulize hali, kisha umwambie: "Mzee wangu, gari nalitaka, ila pesa itatoka nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva na wewe umeshika hati za gari." Basi, usiongeze neno, na tafadhali usiombe radhi. Akikwambia karibu, nenda. Akikasirika, atakuwa amekujibu maswali yote uliyoshindwa kumuuliza. Na kama simu zitakoma kwa sababu hukutuma nusu, ujue zilikuwa zinaipigia hiyo nusu. Itakuuma, najua, lakini ni afadhali ikuume pesa ikiwa ndani. Huyo mwalimu naye muache alichukue. Mwalimu huyo nimemsikia kwenye kila tangazo la gari, sijui anafundisha saa ngapi.

Gari la siku nyingi si kosa, wengi wetu tunayapanda na yanatufikisha. Kosa ni kulinunua kwa picha. Nyumba njema si mlango, na rangi inayong'aa ilipakwa na mtu. Ukienda, fika asubuhi kabla halijawashwa, ulione likiamka lenyewe, injini ikiwa ya baridi. Nenda na fundi uliyemtafuta wewe, asiwe wa kuletewa na muuzaji. Namba za kwenye hati zifanane na zilizogongwa kwenye chuma. Kisha lipandishe mlima wowote wa huko likiwa na watu wazima ndani, kwa sababu kuna jambo hukulitaja hata kidogo, nalo ni njia yako: kama teksi za mji mzima zinakataa kupanda kwako, umemuuliza nani kama hicho kigari kitapanda? Uliza pia vipuri vyake vinapatikana wapi kwenu. Usipopata mtu wa kukusaidia na mgonjwa siku ya safari, muombe wifi, na usimnunie, kwani maneno yake yote aliyoyasema yana akili.

Hayo ni ya gari, na ya gari ni mepesi. Sasa nije kwenye lililoniuma mimi.

Picha zako nilimpelekea fundi anayenitengenezea gari langu. Sikumweleza habari zako wala za mumeo, nilimpa simu tu nikamwambia tazama. Ya nje akaipita, ya viti akaipita. Alipofika kwenye ile ya mbele ndani akasimama, akaikuza kwa kidole, akaishusha mpaka chini miguuni, akaniambia, "Ona pedali ya breki. Mpira umelika mpaka chuma kinaonekana, halafu dashibodi inasema gari hili halijatembea kitu. Hapo kuna mmoja anadanganya." Aliweka kidole pale pale, dada yangu.

Nisikupe uhakika ambao sina. Pengine mzee ana viatu vikali. Pengine mumeo alikuwa anaililia kazi yake kama ulivyodhani, au yote mawili kwa pamoja, maana mtu anaweza kuona kasoro ya gari na kulia kwa kuwa hana tena mdomo wa kuisema. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu katikati ya maelezo yake ulimnyang'anya simu.

Unasema amebakiwa na neno moja. Mimi nimehesabu katika barua yako nimekuta mengi. Kuna sawa ya polepole kwenye picha ya viti, hiyo ilikuwa "ndiyo, endelea". Kuna sawa ya kwenye pikipiki, mfululizo, hiyo ilikuwa "naungua". Kuna ile ya kumtazama binti yake, na hiyo hata mimi nisiyemjua nimeisikia. Na kuna ya juzi, ya sauti ya juu, na ngumi juu ya kiti. Sisi wenyewe wazima tunalitumia neno hilo kwa kila namna. Mume akikwambia "haya, sawa" huku anavaa viatu anatoka, utasema amekubali? Ungemwelewa zamani. Mtu umeishi naye mpaka binti amefika umri wa kwenda kununua magari mtandaoni, umejua kununa kwake na kutania kwake, leo unashika neno tupu kama muhuri na kuliita ruhusa. Ruhusa uliichukua pale ilipokufaa, na alipokataa ukamfuta makamasi.

Na pesa ni zake. Kiinua mgongo hicho kimetoka kwenye mgongo wake, kwa miaka ya kuamka gizani kwenda kuwakusanya watoto wa watu. Anayejua zaidi habari za magari katika nyumba yenu yuko sebuleni kwako, baina ya cherehani na vitambaa, na wewe umemwandikia mtu wa gazetini asiyejua hata kubadilisha tairi. Uliniambia mzee wa simu ndiye pekee anayekuuliza na kungoja jibu. Nami nakuuliza, mumeo nani anamuuliza na kumngoja?

Najua kwa nini. Ni ule mguu. Unamkwepa macho kwa aibu, na huwezi kumsikia mtu usiyemtazama, kwa kuwa maneno yake siku hizi yako usoni na mkononi. Unadhani gari litakuondolea aibu hiyo. Halitaiondoa. Utakuwa nayo ndani ya gari, umefunga na mkanda.

Kwa hiyo fanya hivi. Hospitali unakokwenda kila wiki, uliza kama wana mtaalamu wa kuwafundisha kusema watu waliopata kiharusi, wengi hawatajiwi mpaka waulize. Na wakimuuliza yeye anaendeleaje, jikanyage vidole vya mguu ukibidi, lakini usimjibie. Hizo picha zirudishe. Mpe simu mkononi, mkono ule mzima, aiguse anavyotaka, ikiharibika itatengenezwa. Muulize maswali ambayo mkono unaweza kuyajibu: hapa au hapa, hili zuri au baya, nibonyeze kama ni ndiyo. Gari lolote mtakalonunua, hili au jingine, siku ya kulikagua na yeye aende, hata kama itabidi mkodi gari la kutwa na abebwe mpaka barabarani. Akae ndani kwa upande wake, wa dereva, asikilize injini. Masikio hayakupooza.

Lakini kabla ya picha, na kabla ya simu ya mzee, kuna jambo la leo jioni. Zima cherehani. Vuta kigoda ukae mbele yake, chini kidogo, ili asipate shida ya kuinua uso. Ushike ule mkono uliolala, mtazame machoni, umwambie kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, wala si la watoto wa basi: "Nisamehe. Ulisema unaungua, mimi nikasema twende. Na juzi nilikuchukulia simu hujamaliza kusema." Atachukua muda. Mdomo utahangaika, utatamani kumsaidia, utatamani kuinuka ukatie chai.

Usiinuke, na usimjibie.